Corvette ya 1967: namba za injini zinalingana au zimegongwa upya? Na je, niifufue au niiache ilivyo?

#1 Kisarawe_Texas
Wakuu habari. Naomba wenye uzoefu na magari ya zamani ya Kimarekani wanisaidie, hasa watu wa Corvette.

Nipo Houston. Mama mmoja jirani yetu, mjane, anauza gari la marehemu mumewe: Chevrolet Corvette Sting Ray ya 1967, ile ya wazi yenye paa la turubai, injini V8 ya 327 (inchi za ujazo), gia nne za mkono. Limelala gereji miaka mingi bila kuwashwa. Kwa nje ni jekundu, lakini ukifungua mlango, kwenye bawaba unaona buluu, na hilo jekundu lenyewe linabanduka magamba. Viti vimeachia mishono. Boneti ina lile tuta kubwa la katikati. Chini sijaingia vizuri.

Bei dola 52,000. Mtoto wa mama ndiye anasimamia mauzo, na kila akifungua mdomo ni "namba zote zinalingana". Mwenzangu kazini anasema nipige rangi mpya na viti vipya, thamani inaruka. Mwingine anasema hata vumbi nisifute. Nimsikilize nani?

#2 Msukuma_Asilia
52,000 kwa gari lisilowaka. Milango miwili, viti viwili. Shemeji analijua hili, au tunaongea kwa sauti ya chini?

#3 Mzee wa Kabureta
Kijana, ukiambiwa "zinalingana" uliza zinalingana na nini.

Kwenye Corvette za miaka hiyo, mbele ya bloku upande wa abiria, chini kidogo ya silinda hedi, pana sehemu ndogo bapa. Hapo kiwandani waligonga chapa mbili. Ya kwanza inaanza na herufi ya kiwanda cha injini: V ni Flint, T ni Tonawanda. Zinafuata tarakimu nne, mwezi na siku injini ilipounganishwa, halafu herufi mbili za aina yake. Kwa 1967, HE ni 327 ya farasi 300, HT ni 327 ya farasi 350, JE ni 427 ya farasi 435. Chapa ya pili ni 7 ya mwaka na tarakimu sita za mwisho za namba ya gari. Hizo sita zifanane na kibati cha namba ya gari kilichopo chini ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria.

Sasa nenda nyuma ya bloku, inapokutana na gia boksi. Hapo maandishi yamevimba kwa sababu yalitoka na kalibu. Upande wa dereva ni namba ya bloku, na kwa 327 ya 1967 tegemea 3892657. Upande wa abiria ni tarehe ya kumiminwa: herufi ya mwezi (A ni Januari, B ni Februari, endelea), siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Bloku inamiminwa kwanza, injini inaunganishwa baadaye, gari linatoka kiwanda cha St. Louis mwisho. Ukikuta mtoto kazaliwa kabla ya mama yake, funga pochi.

Na tafadhali, pale mbele USISUGUE kwa msasa wala brashi ya waya. Thina na kitambaa tu.

#4 KijanaSupra
Hivi Corvette si ndiyo ilitoka 1953 na V8 kubwa? Hii ya 327 si ndogo?

#5 Njoro_wa_Nax
@KijanaSupra ya 1953 haikuwa na V8. Walitengeneza 300 tu pale Flint, zote nyeupe na ndani nyekundu, injini ya silinda sita za mstari mmoja, gia za kujibadilisha zenyewe, mbili tu. V8 ilikuja 1955, na mwaka huo zilitoka 700 peke yake, karibu GM, kampuni mama ya Chevrolet, waifute kabisa. Kaa chini usome na watu wazima.

#6 dada_bima
Salaam wote. Nafanya kazi ya bima Minnesota, na faili za magari ya hivi hupita mezani kwangu.

Kabla ya rangi na viti, jua kwamba wenye magari haya hawakati bima ya kawaida. Wanakata ya thamani ya makubaliano: mnakubaliana mwanzoni gari ni dola kadhaa, likiungua unalipwa hizo hizo bila kukatwa uchakavu. Sasa ili tukubaliane, lazima mtu athibitishe gari ni la daraja gani. Kitabu cha bei cha Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya zamani, kinatumia daraja 1 hadi 4. La 1 ni la maonyesho, halina kasoro ya kuonekana. La 4 linatembea lakini kasoro zake unaziona ukiwa barabarani. Hilo la jirani yako haliwaki, kwa hiyo hata kwenye 4 bado halijafika. Wauzaji wengi hutamka bei ya daraja la 2 huku wamesimama mbele ya gari la daraja la 4.

#7 Kisarawe_Texas
Nimerudi. Nimelala chini ya gari na tochi, mgongo umekufa.

Mbele: V0407HE, na chapa ya pili inalingana na kibati. Mtoto wa mama alikuwa anashangilia pembeni.
Nyuma upande wa dereva: 3892657, safi kabisa.
Nyuma upande wa abiria ndiyo kazi. Naona D, halafu 2, halafu kitu kama kijiti kilichofunikwa na rangi ya chungwa na grisi iliyoganda, halafu 7. Picha nimetupia, samahani kwa giza.
Kipima mizunguko ya injini, eneo jekundu linaanzia 5,300.

#8 Njoro_wa_Nax
Hicho kijiti ni 1. D 21 7. Yaani bloku ilimiminwa 21 Aprili 1967, lakini mbele panasema injini iliunganishwa 7 Aprili. Mama bado hajazaliwa. Mwambie huyo kijana asante kwa chai.

#9 Mzee wa Kabureta
Polepole. Nimekuza picha. Mimi naona D 2 7, na hicho kijiti ni donge la rangi. 2 Aprili kumiminwa, 7 Aprili kuunganishwa, siku tano. Saginaw walikomimina na Flint walikounganisha ni majirani, siku tano ni jambo la kawaida. Na hiyo 5,300 inakubaliana na HE. Ya farasi 350 ingeanza 6,000, na ya JE 6,500. Gari lilizaliwa na farasi 300, hilo sina shaka nalo.

#10 Njoro_wa_Nax
Mzee, heshima yako. Fungua kalenda. 2 Aprili 1967 ilikuwa Jumapili, wiki moja baada ya Pasaka. 21 Aprili ilikuwa Ijumaa.

#11 Msukuma_Asilia
Labda zamu ya Jumapili walikuwa Wasabato.

#12 Mzee wa Kabureta
😂 Msukuma umenimwagisha kahawa. Lakini Njoro, tanuru la chuma halijui Jumapili, na mwaka ambao Chevrolet ilikuwa inauza kama karanga sioni ajabu ya zamu ya ziada. Jumapili inatia shaka, haihukumu.

#13 Njoro_wa_Nax
Na kipima mizunguko kinasema gari lilizaliwa na nini, hakisemi bloku iliyomo leo ni ile ile. Mtu akiua injini mwaka 1975, anatafuta bloku nyingine ya namba hiyo hiyo, anachonga, anagonga HE. Hesabu inatimia kila mahali isipokuwa nyuma, ambako hakuna mtu anaingia na tochi.

#14 Bin Saleh MCT
Assalaam alaykum kutoka Muscat. Huku magari ya Kimarekani ni mapenzi ya watu tangu zamani, usukani uko upande wetu na petroli haijawahi kututisha.

Njoro, si kila chapa iliyogongwa upya ni wizi. Mimi nina Camaro ya 1969. Niliipeleka bloku kwenye karakana moja kusawazishwa uso wa juu kwa sababu gasketi ya silinda hedi ilikuwa inavuja. Sikuwaambia chochote kuhusu namba, na wao hawakuuliza. Ile sehemu bapa na uso unaokaa hedi viko usawa mmoja, mashine ikipita inachukua vyote. Bloku ilirudi inang'aa kama sahani ya sikukuu, chapa imekwenda na maji. Bloku ni ile ile iliyozaliwa na gari, lakini nitamthibitishia nani? Fundi akanishauri, kwa nia njema kabisa, tugonge tena. Nilikataa. Wengine hawakatai, na marehemu huyo wa Houston huenda alikuwa mmoja wao, mtu mwema tu aliyetaka gari lake lirudi na jina lake.

Kisarawe, tazama mistari. Mashine ya kiwandani iliacha mistari membamba iliyonyooka, inayokwenda sambamba na urefu wa injini. Karakana za mtaani nyingi zinatumia kisu cha kuzunguka, kinaacha mikwaruzo ya duara au iliyokatiza.

#15 Kisarawe_Texas
@Bin Saleh MCT mistari ipo, imenyooka, lakini hafifu, na nusu ya kulia hakuna kitu, pamelika kutu. Herufi zenyewe hazijakaa mstari mmoja, H imelala kidogo.

#16 Mzee wa Kabureta
H iliyolala ni dalili nzuri! Mfanyakazi wa Flint aligonga mamia kwa zamu, hakuwa anaandika hati ya ndoa. Chapa iliyopangika kama gwaride ndiyo inanitia wasiwasi.

#17 Njoro_wa_Nax
Na wanaoghushi wanalijua hilo, mzee. Siku hizi wanalaza H kwa makusudi. Kuna hadi watu wanaochonga ile mistari upya.

#18 dada_bima
Nawatazama tu. Lakini swali langu: nani ahangaike kughushi HE? Hiyo ndiyo injini ya kawaida kabisa, mwaka huo Corvette zilitoka 22,940. Kughushi kunalipa kwenye L88, ile ya 427 ya mashindano. Mwaka 1967 zilitengenezwa 20 tu, na coupe (ya paa gumu) moja nyekundu iliuzwa mnada wa Barrett-Jackson, Scottsdale, Januari 2014, dola milioni 3.85. Hapo mtu ana sababu.

#19 Msukuma_Asilia
Milioni tatu na pointi. Dola. Na najua haina hata redio.

#20 Mzee wa Kabureta
Umelenga palepale, haina redio na haina hita. GM hawakutaka vijana wa mtaani waichukue, ilikuwa injini ya mashindano iliyovalishwa namba za barabarani. Kwenye karatasi waliandika farasi 430 ili ionekane ndogo kuliko ile ya 435, wakati ukweli ulipita 500. Ilitaka petroli ya okteni 103. Kuiagiza ulilipa dola 947.90 zaidi, kwenye gari la wazi ambalo lenyewe lilikuwa 4,240.75. Wengi wakachagua ya 435 yenye kabureta tatu na redio ya kusikilizia mpira. Kwa hiyo leo watu wanalipa mamilioni kwa kitu ambacho mwaka 1967 hakikutakiwa.

#21 Njoro_wa_Nax
@dada_bima anayeghushi HE si jambazi wa mamilioni, ni muuzaji wa kawaida. Sting Ray ile ile ikiwa na injini yake ya asili na ikiwa na injini ya kupachika, wanunuzi wanatofautisha kwa maelfu mengi ya dola. Seti ya vyuma vya kugongea herufi unainunua duka la vifaa. Hesabu ndogo.

Naongeza. Ford wana bahati, Mustang ya 1967 kuendelea unaagiza ripoti ya Marti, inakuambia gari lilitoka kiwandani na injini gani, rangi gani, viti gani. Pontiac wana huduma kama hiyo, PHS. Chevrolet kumbukumbu za aina hiyo hazikutunzwa. NCRS, chama cha wafufuaji wa Corvette, watakupa karatasi inayosema gari lilipelekwa kwa muuzaji yupi, injini haisemi. Ndiyo maana watu wa Corvette wanalala chini ya magari na tochi kama Kisarawe.

#22 Bin Saleh MCT
Kuna karatasi moja inaweza kusaidia. Kuanzia 1967 kiwanda cha St. Louis kiligundisha karatasi ya maelezo ya gari juu ya tangi la mafuta. Kuiona lazima ushushe tangi. Mara nyingi imeliwa na panya au imegeuka unga, lakini ikiwepo hata nusu yake, ni dhahabu. Na isiguswe na mtu mwenye mikono ya petroli.

#23 KijanaSupra
Ngoja niwachafulie hewa. Mnabishana kijiti ni 1 au rangi, wakati wanaoyatamani haya magari ni wazee waliokuwa na miaka 17 mwaka 1967 na mfukoni hawana kitu. Sasa wana hela, wananunua ujana wao. Hao wakiondoka, nani atalipa 52,000? Kizazi changu kinataka Supra, Skyline, NSX. Marekani gari likifika miaka 25 unaliingiza bila masharti, ndiyo maana za Kijapani za miaka ya 90 zimepanda. Kisarawe utabaki na sanamu.

#24 Mzee wa Kabureta
Mimi nilikuwa na miaka 9 mwaka huo, Tabora, na sikuwa nimeona Corvette hata kwenye gazeti. Naipenda vilevile. Tafuta nadharia nyingine, mwanangu.

#25 dada_bima
Kijana ana hoja nusu. Magari ya miaka ya 30 wengi wanasema yalishuka wapenzi wake walipozeeka. Lakini Sting Ray ni sura. Tazama ya 1963, coupe yenye kioo cha nyuma kilichogawanywa na mfupa katikati. Watu wasiokuwa wamezaliwa wanalia wakiiona.

#26 KijanaSupra
Hiyo ni kwa sababu zilitengenezwa mia moja tu.

#27 Njoro_wa_Nax
Mia moja umeota. Zilitengenezwa 10,594, na za wazi mwaka huo huo 10,919. Idadi karibu sawa, lakini coupe ndiyo inayoshinda bei, kwa sababu kile kioo kilidumu mwaka mmoja tu. Zora Arkus-Duntov, mhandisi wao, alikipinga kwa vile hakumruhusu dereva kuona nyuma. Bill Mitchell wa usanifu akakitetea. Baadaye wenye magari wengine walikata ule mfupa wenyewe, wakaweka kioo kizima cha 1964. Leo ukiwatajia wanatamani ardhi ipasuke.

#28 FundiBoti
Mambo wenzangu. Mimi ni wa Mombasa, kazi yangu ni maboti ya faibaglasi. Corvette sijawahi kuishika, ila nimesoma hapa juu mkisema rangi rangi, na hakuna aliyeuliza bodi ni ya nini. Bodi hiyo ni faibaglasi, ndugu zangu. Kwa hiyo nakuja uwanja wa nyumbani.

Kisarawe, usimpe mtu wa kupuliza mchanga, atakula nyuzi. Usimpe mtu mwenye dawa ya kubandulia rangi ya mabati, resini itanyonya dawa na miezi baadaye rangi mpya itavimba mapele. Msasa wa mkono na subira, au dawa ya faibaglasi maalum, na uoshe mpaka uchoke. Ukifika chini utaanza kuona nyufa kama utando wa buibui, hasa pembeni mwa taa na kwenye kona za boneti. Hizo usizibe kwa pati. Pati haina nyuzi, ukipita rasta la kwanza ufa unarudi. Unachimba ufa kwa mteremko, upana kama kiganja kila upande, unaweka matandiko ya nyuzi tabaka kwa tabaka, la chini dogo, la juu kubwa, resini ikiwa imepimwa vizuri. Jua likiwa kali punguza kikaushio, la sivyo inapika kabla hujaisawazisha. Na funika shingo na mikono, lile vumbi utajikuna mpaka Ijumaa.

Halafu angalia kwa ndani sehemu vipande vinapoungana. Kiwandani waliunganisha kwa mkanda wa faibaglasi nyuma ya kila kiungo, boti zetu pia tunafanya hivyo. Mkanda ukikosekana, hapo kipande kilibadilishwa, gari liligongwa.

#29 Kisarawe_Texas
FundiBoti umenifungua macho. Mkanda juu ya gurudumu la mbele kushoto haupo. Na boneti nadhani ni ya kununua, maana tuta hilo ni la magari ya 427.

#30 Njoro_wa_Nax
Na jekundu liko juu ya buluu. Hadithi inajiandika: liligongwa, likapigwa rangi, likavishwa boneti ya injini kubwa. Na injini je, ilibaki?

#31 Mzee wa Kabureta
Huna haki ya kuruka kutoka kwenye taa ya mbele mpaka bloku. Kugongwa kona ya kushoto hakuui injini.

Kisarawe, bodi haiozi, lakini imeketi juu ya chesisi ya chuma, na kioo cha mbele kimezungushiwa fremu ya chuma iliyojificha ndani ya faibaglasi. Hivyo vinaoza kimyakimya. Ng'oa mazulia, choma bisibisi chini ya miguu ya fremu ya kioo. Chini, gonga chesisi inapopanda kuelekea magurudumu ya nyuma. Ikilia kavu, sawa. Ikilia kama debe lenye mchanga, toa dola 15,000 kwenye bei kabla hamjaongea habari ya herufi H.

#32 Bin Saleh MCT
Hapo Mzee amesema. Namba unabishana mwaka mzima, kutu haibishani.

#33 Kisarawe_Texas
Bado swali langu la pili. Nifufue au niache?

#34 dada_bima
Hesabu ya haraka. Fundi mzuri Marekani ni dola 100 kwa saa na kuendelea. Kuinua bodi, kusafisha chesisi, injini, nyaya, viti, rangi: saa elfu moja si ajabu. Dola laki moja hizo kabla hujanunua taa. Juu ya 52,000. Corvette ya farasi 300, hata ikiwa daraja la 1, haikurudishii. Anayefufua ili auze anafanya hisani.

#35 Mzee wa Kabureta
Ndiyo, na anayefufua vizuri kupita kiasi anapoteza mara ya pili. NCRS, chama kilichoanza 1974, wanahukumu gari lilivyotoka St. Louis, si lilivyotoka kwenye ndoto yako. Tuzo ya Top Flight unahitaji alama 94 kwa mia. Rangi ya kiwandani (lacquer) ilikuwa na vijishimo kama ganda la chungwa, na kwenye fremu za milango haikung'arishwa kabisa, ilibaki imefifia. Ukiingia na rangi inayong'aa kila kona kama kioo cha saluni, wanakukata alama. Nimeona mtu karibu alie.

#36 KijanaSupra
Yaani unakatwa alama kwa kufanya kazi nzuri? Wazungu bwana.

#37 Bin Saleh MCT
Ndiyo maana mimi niko upande wa kuacha. Gari linakuwa la asili mara moja tu. Cobra ya kwanza ya Carroll Shelby, Mmarekani mtengenezaji wa magari ya michezo, yenye namba CSX2000, haikuwahi kufufuliwa. Mwaka 1962 aliipaka rangi mara kadhaa ili kila gazeti lidhani limepewa gari tofauti. Akakaa nayo maisha yake yote, ikachakaa naye. Agosti 2016 wapiga mnada RM Sotheby's waliiuza Monterey dola milioni 13.75, na viti vyake vimepasuka.

#38 Njoro_wa_Nax
Sheikh, hiyo ni Cobra ya kwanza duniani, hata ingekuwa imejaa kuku wangelipa. Usimpe Kisarawe matumaini kwa mfano huo. Gari lake si la asili tena, limeshagongwa na kupakwa. Kuacha ilivyo maana yake ni kuhifadhi kazi ya fundi wa rangi wa mwaka 1980.

Mfano mzuri ni wa makumbusho ya Corvette pale Bowling Green, Kentucky. Februari 2014 ardhi ilititia ndani ya jengo, Corvette nane zikatumbukia. Tatu zilifufuliwa, tano zikaachwa zilivyopondeka. Moja kati ya zile tatu ni Corvette ya milioni moja, ya 1992. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wameweka saini zao kwenye vipande vya ndani, na mafundi walihangaika kuokoa vipande vyenye saini hata pale ambapo kuweka kipya kungekuwa rahisi. Kuna vitu vya kufufua na vitu vya kuacha ndani ya gari lile lile.

#39 Msukuma_Asilia
Na watu wanalipa kiingilio kuangalia hayo matano yaliyopondeka. Nina Noah yangu hapa Igoma, mnakaribishwa.

#40 dada_bima
😂😂 Kabla sijasahau, Kisarawe: fundi yeyote asikibandue kile kibati cha namba ya gari, hata kwa kisingizio cha kupaka rangi. Mstaafu mmoja alinunua Corvette ya 1959 Indiana, akaenda kuisajili Kansas, 2017. Polisi wakaona kibati kiliwahi kutolewa na kurudishwa, kumbe ni mfufuaji wa zamani alikitoa. Wakalichukua gari, na sheria ya jimbo ilikuwa inataka liharibiwe. Kesi miaka, mpaka bunge la Kansas likabadili sheria 2022.

#41 KijanaSupra
Halafu mnaniambia Supra ina matatizo.

#42 Njoro_wa_Nax
Kisarawe ukishindwa kuuza huko usifikirie kuleta Kenya. Miaka minane mwisho, na usukani wa kushoto hawataki. Ningependa niione pale Ngong Racecourse kwenye Concours, maonyesho ya magari, ikisimama na zile Alfa Romeo za wazee.

#43 Mzee wa Kabureta
Niliwahi kuona Mustang moja kwenye picha za hapo.

#44 Njoro_wa_Nax
Mustang si gari la michezo, mzee. Ina viti vinne na buti la kubebea sukuma wiki.

#45 Mzee wa Kabureta
Shelby GT350 ya 1965 viti vya nyuma viliondolewa, gurudumu la akiba likawekwa hapo, hasa ili ikubalike mashindano ya magari ya michezo. Zilitengenezwa 562. Kaa chini usome na watu wazima.

#46 KijanaSupra
Asante mzee, hilo deni langu la #5 limelipwa 🙏

#47 FundiBoti
Nani mwenye picha ya karibu ya ule mkanda wa kiwandani? Nataka kuona kama walitumia nyuzi za kusuka au za kukatwakatwa. Na Bin Saleh, resini huko Muscat joto la Julai mnaipika vipi, usiku?

#48 Bin Saleh MCT
Baada ya Isha, feni zote zimewashwa, na kikaushio nusu. Picha nakutumia kesho nikifika gereji ya ami yangu, ana ya 1964.